Mimi ni nani hasa? Maswali ninayoulizwa sana kuhusu udhanaishi na usasabaadaye

Maswali haya nimeulizwa barazani Kibokoni, nimeulizwa kwenye feri ya Likoni na mtu aliyeniona nimeshika kitabu, nimeulizwa na wanafunzi wa fasihi mtihani ukiwa umewakaribia, na nimechoka kuyajibu nusu nusu kwa meseji za sauti, kwa hivo nimeyaweka hapa yote pamoja. Mimi sio mwalimu wa chuo. Nilikuwa weita miaka saba kwenye hoteli ya bichi huku kaskazini mwa Mombasa na vitabu hivi nilianza kuvisoma kule kule, msimu wa masika, hoteli tupu, mvua yapiga tu bahari na hakuna wa kumpelekea chai. Hayo ya uweita yatarudi chini maana yahusika sana.

Udhanaishi ni nini kwa maneno ya kawaida?

Ni kuanza kufikiri kutoka kwa mtu mmoja, huyu hapa, mwenye jina lake na madeni yake na hofu zake za usiku, badala ya kuanza na "binadamu" kwa jumla. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Seremala kabla hajagusa mbao ashajua anatengeneza nini na ya kazi gani, yani maana ya mbuzi ilikuwepo kabla ya mbuzi yenyewe. Sasa Mfaransa mmoja, Jean-Paul Sartre, alisimama mbele ya watu Paris tarehe 29 Oktoba 1945, vita vimeisha miezi michache tu, akasema mtu sio hivo (yeye alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi, mie nimeleta mbuzi kwa sababu iko kila jikoni kwetu). Mtu kwanza yupo, yuko hapa duniani bila karatasi ya maelekezo, alafu ndo ajitengeneza kwa yale anayoyachagua kila siku. Kuwepo kwatangulia, kuwa nani kwafuata nyuma. Na kama ndo hivo basi huwezi kumtupia lawama mwengine, alisema tumehukumiwa kuwa huru, na hilo neno kuhukumiwa nataka ulisome tena, hakusema tumezawadiwa.

Na usasabaadaye je?

Hawa walikuja nyuma yao, wengi vilevile wa Ufaransa, wakaligeuza swali. Wewe wasema "mimi nimechagua", sawa, lakini hilo "mimi" ulilipata wapi? Lugha uliikuta, kabila uliandikiwa, kitambulisho ulipewa, hata unachokitamani kuna mtu alikufunza kukitamani. Jean-François Lyotard aliandika ripoti mwaka 1979 kwa ajili ya baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec kule Canada, na humo akasema alama ya hali hii mpya ni kutoamini tena masimulizi makuu, yani zile stori kubwa zinazodai kumbeba kila mtu ndani yake, stori ya maendeleo, ya sayansi kutuokoa, ya historia kwenda mahali pazuri.

Sisi Mombasa tuna mfano wetu. Reli mpya ilifunguliwa 2017 na stori ilikuwa moja tu, maendeleo yamefika, kila mtu apande. Mwaka 2019 likaja agizo makontena yapelekwe bara kwa reli, na watu wa malori, wa madepo, wa gereji, mama ntilie wa barabara ya Changamwe, wote wakauliza haya maendeleo ni ya nani, wakaingia barabarani kuandamana. Hawakuwa wamemsoma Lyotard. Walikuwa wameona tu kwamba stori kubwa ina mtu anayeisimulia na ina watu wasiokuwemo.

Mbona maneno yenyewe magumu?

Udhanaishi, usasabaadaye, udenguzi (kuyafumua maneno kuona yameegemea nini), ubwege (maisha kuonekana hayana maana), haya yametoka kwa wahakiki wa fasihi vyuoni na wengine hutumia mengine. Usiyaogope. Neno la muhimu kuliko yote tulikuwa nalo kabla yao wote, nalo ni nafsi.

Nikisoma mambo haya si ntapoteza dini?

Hili ndo naulizwa zaidi, na akina mama ndo wauliza zaidi, kwa ajili ya watoto wao. Ntajibu kwa kirefu.

Anayehesabiwa babu wa fikra hizi ni Søren Kierkegaard wa Copenhagen, aliyezaliwa 1813 akafa 1855, na alikuwa Mkristo mpaka kwenye mfupa. Ugomvi wake ulikuwa na watu wanaodhani wana dini kwa sababu tu wamezaliwa kwenye nchi ya dini hio. Mwaka 1843 aliandika kitabu kizima juu ya Nabii Ibrahim na mtoto wake na kisu, kisa ambacho sisi twakisikia kila Idd ya kuchinja mpaka twakizoea kama hewa. Kierkegaard yeye alikataa kuzoea. Akakaa na ile safari ya siku tatu, baba yuko juu ya punda, amenyamaza, hana wa kumwambia kwa sababu akisema nani atamuelewa. Imani kwake ni pale mtu anaposimama peke yake na hakuna sheria ya jumla ya kumfunika.

Hapa mie niliachana naye kidogo. Yeye anafuata Biblia, mtoto ni Is-haq na hajui kinachokuja. Kwenye Qurani, Surat As-Saffat, Ibrahim amuuliza mtoto, nimeota nakuchinja, tazama waonaje, na mtoto ajibu baba fanya ulivyoamrishwa. Yani kuna mazungumzo, upweke si ule ule. Nilipoliona hilo niliweka kitabu chini nikaenda kutembea ufukweni Mama Ngina mpaka magharibi. Mtu wa kwetu aweza kusoma vitabu hivi na kuvijibu, sio kuvimeza tu.

Na wala fikra yenyewe si ngeni kwetu. Bibi zetu wakitaka kukuonya husema kuna siku ya nafsi nafsi, siku mama hatamjua mwanawe, kila mtu na lake. Hio ni picha ya mtu mmoja mmoja kali kuliko yoyote niliyoisoma kwa Kifaransa. Imamu Ghazali mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa kabisa Baghdad, akashikwa na shaka juu ya nia yake mwenyewe, ulimi ukakataa kufundisha, chakula hakishuki, mwisho akaacha cheo na mji akaondoka. Muhammad Iqbal, mshairi wa Bara Hindi aliyesoma Cambridge na Munich na akamsoma Mjerumani Nietzsche vizuri, alitoa mwaka 1915 shairi refu kwa Kifarsi juu ya khudi, yani nafsi inayojijenga badala ya kujifuta.

Lakini sitakudanganya, wapo wasioamini pia. Sartre hakuamini. Albert Camus, mwandishi Mfaransa ntakayemrudia chini, hakuamini. Friedrich Nietzsche mwaka 1882 aliandika kisa cha mwendawazimu anayeingia sokoni mchana kweupe na taa mkononi akimtafuta Mungu na kusema tumemuua, na watu wengi wakisikia hivo huwaka. Kisome mpaka mwisho. Wanaocheka pale sokoni ni wale wasioamini, na mwenye taa ndiye pekee anayetetemeka kwa uzito wa jambo.

Yule weita wa Sartre ni nani?

Kwenye kitabu chake kikubwa cha 1943 Sartre yuko mkahawani amtazama weita. Weita huyu miondoko yake ni ya haraka kidogo kupita kiasi, ainama kwa bidii kidogo kupita kiasi, trei aibeba kama mchezo wa sarakasi. Sartre asema huyu acheza kuwa weita. Ajifanya kwamba yeye ni weita vile kidau cha wino kilivyo kidau cha wino, kitu kilichokamilika, ili asikumbuke kwamba angeweza kesho asiamke kwenda kazini, angeweza kuondoka. Hio ndo aliita kwa Kifaransa jina ambalo mie nalitafsiri kujihadaa, kwa sababu ni uongo ambao mdanganyi na mdanganywa ni mtu mmoja.

Niliposoma hapo nilikasirika. Nilikasirika kweli kwa sababu nilikuwa nimevaa shati la kazi wakati nasoma. Nikasema huyu bwana yuko kitini, kahawa yake yapoa, na mimi ndo nimesimama, na haraka yangu ya kupita kiasi yatoka kwa meneja aliyesimama nyuma ya nguzo na kalamu. Mchezo sikuuchagua. Nikipunguza tabasamu kuna vijana ishirini getini wanaosubiri shati hili.

Alafu nikakumbuka baji.

Nilipoajiriwa hawakunitengenezea baji ya jina. Walinipa ya mtu aliyeondoka, imeandikwa Ali, wakasema vaa hii kwa sasa, na kwa sasa ikawa msimu mzima. Mimi siitwi Ali. Mwezi wa kumi na mbili akaja mzee mmoja na mkewe, kasta wa kila mwaka, akasoma baji, akanishika mkono kwa furaha, akaniuliza Ali, mtoto keshaanza shule? Mimi sikuwa na mtoto. Nikamwambia ndio, kaanza, yuaenda vizuri.

Hapo meneja hakuwepo nyuma ya nguzo. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema mzee samahani, yule Ali kaondoka. Nilisema ndio kwa sababu ilikuwa rahisi, na usiku nikiwa kwenye matatu ya kurudi mjini nilijiambia kazi ndo ilivyo. Na hilo neno, "ndo ilivyo", ndo Sartre analolizungumzia. Kwa hivo jibu langu ni kwamba hakumuelewa weita, hakuona kamwe mshahara na nguzo na geti, na bado kile alichokisema kilinipata kifuani. Yote mawili ni kweli na sijaweza kuyapunguza yawe moja.

Jahanamu ni watu wengine, yani tukae peke yetu?

Hapana. Ni maneno ya mhusika kwenye mchezo wake wa 1944, watu watatu wamefungiwa chumba kimoja baada ya kufa, hakuna moto, hakuna mateso, ni macho tu ya wenzao. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa hilo. Pita mbele ya baraza saa kumi na moja jioni ukiwa umebeba begi, kabla hujafika kona ushakuwa mtu anayehama, au aliyefukuzwa, au anayekimbia deni. Wewe wajua umebeba nguo za kupeleka kwa dobi. Wao washakuandika.

Mbona wote Wazungu?

Si wote. Frantz Fanon alizaliwa Martinique 1925, akasomea udaktari wa akili Ufaransa, na kitabu chake cha 1952 kina ukurasa ambao kila aliyefanya kazi na watalii anafaa ausome. Mtoto mdogo wa Kizungu amuona, ashika mama yake, asema tazama mtu mweusi, naogopa. Na Fanon aeleza vile mwili wake ulivyorudishwa kwake ukiwa umevunjwa vipande, ukiwa na stori ambazo si zake. Sartre alisema macho ya mwenzako yakugeuza kitu, Fanon akaongeza kwamba macho hayako sawa, wengine wana historia nzima ya utawala nyuma ya mboni. Alienda Algeria, akajiunga na ukombozi wake, akafa 1961 akiwa na miaka 36.

Na tuna Kezilahabi. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, Tanzania, aliyefariki 2020, aliandika Kichwamaji mwaka 1974 na hio ni riwaya ya udhanaishi ya Kiswahili bila ya kuomba ruhusa kwa mtu, kijana msomi, Kazimoto, arudi kijijini na hapana mahali pa kumtosha, si kwa wazee, si kwa serikali, si kwa Mungu, si ndani ya nafsi yake. Baadaye, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, akaivunja hata riwaya yenyewe, huwezi kusema hadithi inaanza wapi. Kwa hivo safari nzima ya Ulaya kutoka udhanaishi mpaka usasabaadaye imo kwa mwandishi mmoja wa kisiwani Ziwa Victoria.

Lakini sisi twasema mtu ni watu. Huo ubinafsi si utatuharibu?

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, aliandika 1969 kwamba mimi niko kwa sababu sisi tuko, na kwa kuwa tuko basi niko. Ni kweli na ni tamu. Mie nimezikiwa na kuozwa na "sisi", babangu alipofariki sikugusa jembe, majirani walimaliza kila kitu kabla ya adhuhuri.

Ila ntakueleza kitu kimoja kuhusu "sisi". Sartre alisimulia kijana aliyemjia wakati wa vita, kakake ameuliwa na Wajerumani, mama amebaki na yeye tu, na yeye ataka kuvuka aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru. Akae na mama au aende? Sartre akamwambia uko huru, chagua. Badilisha vita weka Qatar au Saudia na utaona huyo kijana yuko Majengo, yuko Kisauni, viza imetoka na mama yuaugua sukari. Mjomba asema nenda utatufaa. Shangazi asema mama hana mwengine. Imamu amwambia radhi za mzazi, na pia amwambia kutafuta riziki ni ibada. "Sisi" imesema yote, na bado ni mguu wake mmoja utakaopanda ndege au usipande. Udhanaishi haukatai kwamba mtu ni watu. Wasema tu kwamba watu wakishamaliza kusema, kimya kinachobaki ni chako.

Mswahili ni nani? Hawa watatusaidia hapo?

Swali hili limekunywa kahawa nyingi mji huu. Kuna Thenashara Taifa, zile jamaa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, yani Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Kuna anayesema Mswahili ni lugha, kuna wa dini, wa damu, wa mavazi, wa nyumba yenye daka. Wakati wa Mwingereza sheria zilimgawa mtu kuwa mwenyeji au asiye mwenyeji, na kodi na haki zikafuata mgawo huo, basi nyumba moja ndugu wawili wangeweza kupigania wahesabiwe vitu tofauti. Anayetafuta kiini kimoja kisichobadilika, kitu ambacho ukimvua Mswahili kila kitu hicho chabaki, atatafuta sana. Wa usasabaadaye watakwambia hakipo, na kwamba swali zuri zaidi ni nani alikuwa auliza, na alikuwa ameshika kalamu gani.

Jacques Derrida, naye mzaliwa wa Algiers, 1930, afaa hapa na watu humuogopa bure. Asema maneno hayana maana peke yake, yaegemeana. Mwenyeji ni nani bila mgeni? Mpaka mtu apige hodi wewe ni mtu tu umekaa ndani. Sisi twasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Derrida aliandika kurasa nyingi juu ya ukarimu zikizunguka jambo hilo hilo, kwamba mwenye nyumba hukamilishwa na yule wa nje.

Foucault na gereza ni stori gani?

Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, kitabu cha 1975. Achukua mchoro wa gereza wa Mwingereza Jeremy Bentham wa 1791, vyumba vimepangwa duara, katikati mnara, mlinzi aweza kuona kila mfungwa na mfungwa hawezi kuona kama mlinzi yupo. Baada ya muda huhitaji mlinzi, mfungwa ashajilinda mwenyewe. Hoja yake ni kwamba mtu binafsi unayejivunia, mwenye faili, mwenye rekodi, mwenye tabia iliyopimwa, alitengenezwa na mitambo kama hio ya shule, jeshi, hospitali na gereza.

Sisi hatukuhitaji mchoro. Sheria ya 1915 ilileta kipande, na baada ya Vita vya Kwanza ikaanza kutekelezwa, kila mwanamume Mwafrika alama za vidole na rekodi ya mabosi wake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Huyo ni mtu binafsi wa Foucault, kaning'inizwa shingoni mwake mwenyewe. Na kuna upande wa pili unaoumiza vilevile, kutoandikwa. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa vizazi bila kitambulisho mpaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Walikuwepo, wana watoto, wana vinyago, wana makaburi, karatasini hawakuwepo. Ukimwambia Mmakonde wa wakati huo kuwepo kwatangulia atakuuliza kwatangulia wapi, polisi wa kizuizi yuataka kadi.

Simone de Beauvoir yuatuhusu nini sisi wanawake wa Pwani?

Dada, Mfaransa huyu yuakuhusu kuliko Sartre. Mwaka 1949 aliandika kwamba mtu hazaliwi mwanamke, huwa. Sisi tuna somo, tuna kungwi, yani tuna mtu kabisa wa kazi ya kumfanya msichana awe mwanamke, kukaa vipi, kunukia vipi, kunyamaza lini. Beauvoir angekaa barazani kwa somo angeandika daftari zima. Dadangu nilipomsomea sentensi hio alisema na nyinyi je, nani alikwambia usilie siku ya mazishi ya baba? Sikuwa na jibu, nilikuwa nimeambiwa na kila mtu.

Kama hakuna ukweli mmoja, basi kila kitu ni sawa tu?

Hapana, na huu ndo upotoshaji unaonichosha zaidi. Kusema stori ina msimulizi sio kusema stori zote ni sawa. Ukijua ramani ilichorwa na mwenye shamba waendelea kuhitaji ramani, wakuwa tu mwangalifu mpaka wa jirani.

Na yule wa jiwe?

Sisyphus, kisa cha Wagiriki, Albert Camus alikiandikia kitabu 1942. Camus alizaliwa Algeria 1913, akapewa Nobel 1957, na yeye mwenyewe alikataa kuitwa mdhanaishi. Jiwe lasukumwa mlimani, larudi chini, milele. Kitabu chaanza na swali la kama yafaa mtu kuendelea kuishi na jibu lake ni ndio, yafaa, na asema tumfikirie Sisyphus ana furaha. Mie namheshimu lakini nikimtazama kijana wa mkokoteni wa maji, mitungi ya lita ishirini ishirini, jua la saa saba, naona tofauti kubwa. Jiwe la huyu lina mtu mwisho wa njia anayesubiri kupika. Mzigo si mtupu. Ubwege ni jambo la kweli, nimeuhisi mwenyewe saa tisa usiku nikikunja vitambaa mia mbili vya meza vitakavyokunjuliwa asubuhi, ila si kila kazi ya kurudia ni ubwege. (Na wewe unayesoma hapa kwa sababu lile swali la Camus limekukaa moyoni kwa uchungu wako mwenyewe, tafadhali mwambie mtu leo, ana kwa ana. Kitabu hakitoshi kwa hilo.)

Uko upande gani, udhanaishi au usasabaadaye?

Nimebadilika mara nyingi. Kuna siku hoteli ilikuwa na "usiku wa Kiswahili", majahazi ya mbao nyembamba, makanga yametandazwa, wachezaji wa Kimaasai wakiruka, na kesho yake wageni walipelekwa Mji wa Kale wakarudi wamevunjika moyo, wakaniambia hapakuwa na Uswahili wa kutosha. Mabibi wamekaa vibarazani wakikata mchicha, na wao watafuta ile ya jukwaani. Mfaransa mwengine, Jean Baudrillard, alikuwa ashaandika hayo 1981, nakala inayokula asili yake mpaka asili ndo yaonekana bandia. Siku ile nilikuwa wa usasabaadaye mtupu, niliona sisi sote ni baji.

Foucault ana sentensi moja ya 1966, mwisho wa kitabu, kwamba huenda binadamu kama tunavyomjua atafutika kama uso uliochorwa mchangani ukingoni mwa bahari. Mtu wa Paris akisoma hapo aona mwisho. Mimi nimekulia bahari hii, najua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na watoto wa bichi hurudi kuchora. Na Foucault mwenyewe miaka yake ya mwisho, kabla hajafa 1984, alikuwa asoma Wagiriki na Warumi wa zamani akiuliza mtu hujilea vipi, hujitengeneza vipi. Yeye aliyesema tumetengenezwa akarudi kuuliza twajitengeneza vipi. Mimi nasimama hapo. Nimeumbwa na maneno ya watu, na swali la nitafanya nini na maneno hayo bado lanisubiri mimi, halimsubiri mwengine.

Nianzie kitabu gani?

Kama wataka Kiswahili, Kichwamaji. Kama wajua Kiingereza, ile hotuba ya Sartre ya 1945, ni fupi, alafu Fanon, usimuache Fanon. Vitabu vikubwa vya Mjerumani Heidegger na wenzake viache kwanza, na ukifika kwake ujue pia kwamba aliingia chama cha Hitler 1933, hilo lisomwe pamoja na falsafa yake na sio pembeni.

Na ile baji uliifanya nini?

Watu wakishaisikia hio stori lazima waulize. Yule mzee na mkewe walikaa wiki mbili na kila asubuhi nilikuwa na habari mpya ya mtoto ambaye si wangu, keshajua kusoma, kapata homa kidogo, kapona. Siku ya kuondoka mama yule akanipa begi dogo la shule, jipya, la rangi ya samawati, nimpelekee. Nikalipokea. Nililala nalo chini ya kitanda siku nne, alafu nikauliza jikoni nani amjua Ali wa zamani, mpishi mmoja akasema yuko Bamburi, yuauza vipuri vya pikipiki. Nikaenda. Nikamueleza yote, na ilikuwa aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Alikaa kimya muda mrefu alafu akasema mtoto ni msichana, anaitwa Zuhura, na begi litamfaa.

Jumatatu nikaenda ofisini nikaomba baji ya jina langu. Wakasema ni shilingi mia tatu, itakatwa kwa mshahara. Nikasema ikatwe. Jina langu ni refu, herufi za mwisho zilibanwa mpaka ukingoni, na kasta wa kwanza kulisoma alilikosea. Nikamsahihisha. Akalirudia pole pole, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka akalipata.